Reflekta ya mchana, koti la usiku

Ukitaka kujua reflekta huvaliwa kwa ajili ya nani, simama Kondele, mjini Kisumu, jua likizama. Mchana kutwa wahudumu wa boda waliopanga pikipiki zao karibu na daraja la juu huwa wamepiga manjano, chungwa na kijani cha ndimu. Hapa kwetu ikweta haiko mbali, na giza haliombi ruhusa: saa moja kasorobo bado unamwona mtu, muda si muda unasikia injini yake tu. Trafiki naye kashaondoka. Mhudumu ananyanyuka, anachomoa koti zito la mitumba alilokuwa amelikalia, jeusi au la kijivu, ambalo fundi aliyelishona alikuwa akifikiria theluji. Analivaa juu ya reflekta, anapandisha zipu hadi kidevuni, anapiga kiki. Tangu hapo mpaka alfajiri, saa ambazo reflekta ndiyo kwanza ingeanza kazi, imelala ndani ya koti.

Koti lenyewe halina kosa. Pikipiki ikikimbia usiku kwenda Ahero au Kisian, baridi ya mwendo hupenya hadi mbavuni, na wahudumu wengi wanaamini kwa dhati kuwa ndiyo inayowaletea nimonia. Lakini mpangilio huo wa nguo, koti juu na reflekta chini, unaeleza ugomvi uliodumu zaidi ya miaka kumi kati ya wana boda na serikali kuliko hotuba nyingi za usalama barabarani. Mtu akikataa reflekta, wakubwa husema hajali uhai wake. Nimewasikiliza wahudumu wa mjini na wa fuo za ziwa kwa miaka, na sijakutana na hata mmoja anayetamani kugongwa. Wanachokataa ni kitu kingine, na wana sababu, ingawa si zote zinazonishawishi.

Sheria yenyewe si ngeni. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012, ilimtaka mwendeshaji wa pikipiki avae helmeti na jaketi yenye reflekta, na abiria wake vivyo hivyo. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, nayo kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zikamtwika mhudumu jukumu la kumpa abiria vifaa hivyo. Mwaka 2016 zikaja faini za papo kwa papo, na kuendesha pikipiki bila vifaa vya kujikinga kukawekewa shilingi 1,000. Kwa mtu anayembeba abiria kutoka Kibuye hadi Nyalenda kwa shilingi hamsini au mia, hiyo ni kazi ya asubuhi nzima. Kisha mwaka 2023 Seneta Boni Khalwale wa Kakamega akaleta mswada wa kudhibiti usafiri wa pikipiki. Ndani yake mlikuwa na usajili katika kaunti, mafunzo, abiria mmoja tu, na vifaa vya watu wawili kwenye kila pikipiki. Vyama vya wahudumu vikaupinga kabla wino haujakauka.

Ikumbukwe biashara hii ilizaliwa huku magharibi. Ilianza mpakani Busia miaka ya 1960, vijana wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Kisumu nayo ilikuwa mji wa baiskeli kwa muda mrefu, kiti cha nyuma kimewekewa mto mnene na kufunikwa kitambaa cha maua. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, baiskeli zilitoweka barabarani kwa kasi ambayo hakuna aliyeipangia. Pikipiki zikaja kwa maelfu na taa za barabarani hazikuja nazo. Wala njia za pembeni, wala shule za kuendesha zinazolingana na idadi hiyo. Sheria ikabaki na mtu mmoja wa kumshika mkono, naye ni aliyekaa juu ya tandiko.

Mazungumzo kando ya barabara huwa mafupi, na kila upande unayajua kwa moyo.

“Reflekta iko wapi, kijana?”

“Imefuliwa, mkubwa. Haijakauka.”

“Na ya kastoma?”

Hapo mhudumu hunyamaza, maana ya kastoma hana mtu. Ukiwa umevaa yako, itaulizwa ya abiria. Ukiwa na zote mbili, itaulizwa helmeti ya pili, kisha bima, kisha indiketa ya kushoto. Ndiyo maana wahudumu wengi huihesabu reflekta kuwa tiketi tu, na wanajua kwamba tiketi hiyo haimalizi safari. Wao husimulia kwamba faini ya elfu moja huandikwa kwa nadra. Kinachotoka mfukoni ni hamsini au mia, na hakina risiti. Mwenye haraka zaidi ya kutoa ni yule asiyemiliki pikipiki: jioni anadaiwa hesabu ya tajiri, au malipo ya kila siku ya mkopo ambayo yasipoingia kwa M-Pesa pikipiki hufuatwa nyumbani. Saa tatu kituoni zinamgharimu zaidi kuliko chai ya afisa. Kila mtu anayejua kupiga hesabu angetoa.

Halafu kuna jaketi zenyewe. Reflekta nyingi za Kisumu hazikununuliwa, ziligawiwa. Mwaka wa uchaguzi zinamwagika kama mvua ya masika: za mgombea wa udiwani, za mbunge, za gavana, na katikati yake za kampuni za kamari, za simu na za benki. Mgongo wa mhudumu ni bango lisilolipiwa kodi. Chukua moja uitazame kwa karibu. Niliyoishika mimi, kwenye steji moja si mbali na soko la Kibuye, ilikuwa na picha ya mgombea ambaye jua lilikuwa limemfuta mzima isipokuwa tai na meno. Manjano yake yalikuwa yamepauka hadi rangi ya maziwa. Kola ilikuwa nyeusi kwa jasho na oili. Mistari miwili ya fedha kifuani ilikuwa imevunjikavunjika na kubanduka. Niliimulika kwa tochi ya simu nikiwa hatua chache tu, na hakuna kilichong'aa ila kifungo kimoja cha chuma. Mwenye nayo alikuwa akiivaa kila siku na alikuwa, kwa mujibu wa sheria kama inavyosimamiwa barabarani, mtu asiye na kosa.

Jaketi hizi zina kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Rangi kali ya manjano au chungwa ni ya mchana: inachukua mwanga wa jua usioonekana na kuurudisha ukiwa rangi, ndiyo maana huonekana kama inawaka. Usiku haifai kitu. Kazi ya usiku ni ya ile mistari ya fedha, iliyotengenezwa kwa chembe ndogo mno za kioo ambazo hurudisha mwanga wa taa palepale ulikotoka, yaani machoni mwa dereva. Vumbi likizikalia, au zikisuguliwa kwa sabuni ya mche na brashi kama tunavyofua huku, mng'ao unafifia. Jua la Nyanza huila rangi kwa upande wake. Hivyo jaketi ya kampeni ya mwaka 2022 inaweza kuwa imekufa pande zote mbili na bado ikampitisha mtu kwenye kizuizi.

Siasa nayo inaingia kwa mlango mwingine. Jaketi yenye rangi ya chama si nguo tu hapa, na kupita Kondele wakati wa kampeni ukiwa umevaa ya upande wa pili kunahitaji moyo. Wahudumu wanajua kwamba aliyewapa jaketi anawahesabu kuwa wake, na kwamba siku ya maandamano mwenye jaketi ndiye anayetambulika kwanza. Wafaransa wameyaona haya kwa ukubwa. Tangu mwaka 2008 kila dereva kule alilazimika kuwa na kizibao cha manjano ndani ya gari. Novemba 2018 bei ya mafuta ilipowachosha watu, walivitoa vizibao hivyohivyo vya lazima, wakavivaa na kufunga mizunguko ya barabara kote nchini. Serikali ilikuwa imewapa raia wote sare bila kujua.

Kwa kweli, waendesha pikipiki wanaokataa kuvalishwa si wa Kisumu peke yao. Ufaransa hiyohiyo iliamuru mwaka 2012 kwamba wenye pikipiki kubwa wavae kitambaa cha kung'aa mkononi, vyama vyao vikaingia barabarani, na amri ikafutwa. Baadaye, kuanzia Januari 2016, wakakubaliana na jambo jepesi zaidi: kizibao kiwe kwenye pikipiki, kivaliwe ukisimama kwa dharura. Ayalandi nayo ilipanga kuwalazimisha wavae jaketi zenye mikono mirefu, upinzani ukazuka, mpango ukawekwa kando. Hoja yao ilikuwa moja: ukimlazimisha aliyegongwa kuvaa, kesho aliyemgonga atasema hakuvaa vizuri.

Hoja hiyo ninaielewa, lakini siwezi kuimeza yote. Wenye pikipiki wa Ulaya wanatembea kwenye barabara zenye taa na mistari, na wengi wao hupanda kwa starehe Jumapili. Mhudumu wetu yuko barabarani hata saa kumi alfajiri akiwahi samaki Dunga. Ushahidi pia haupuuziki. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliona kwamba waliovaa nguo za kung'aa walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 37. Helmeti nyeupe ilipunguza hatari kwa asilimia 24, na taa ya mbele iliyowashwa mchana kwa asilimia 27. Ni kweli anayechagua mwenyewe kuvaa huenda ni mwangalifu tangu mwanzo. Hata hivyo, Kampala walipowalinganisha wahudumu wa kampuni ya SafeBoda, wanaofunzwa na kupewa helmeti na vizibao vya chungwa, na wahudumu wengine, ripoti ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba wa SafeBoda walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata ajali kwa asilimia 39. Kizibao, mafunzo na helmeti vilikwenda pamoja hapo, na huwezi kukitenga kimoja ukakipa sifa zote.

Nenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na hutauliza tena kama ajali za boda ni jambo kubwa. Miguu iliyoning'inizwa kwa vyuma itakujibu. Nchini, watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka, wenye pikipiki wakiwa miongoni mwa makundi yanayoumia zaidi pamoja na watembea kwa miguu.

Lakini uliza waligonganaje, na hadithi ya reflekta inaanza kuyumba. Wengi husimulia lori lililoharibika na kuachwa katikati ya barabara bila taa. Kwetu onyo la lori bovu ni matawi ya miti yaliyotupwa nyuma yake, ilhali sheria inataka pembetatu za kung'aa. Mhudumu anayekimbia kutoka Awasi usiku anaweza kuwa amevaa jaketi mpya kabisa, ikamsaidia aonekane na walio nyuma, na isimsaidie hata kidogo kuliona lori lililo mbele. Punda wa mkokoteni hana reflekta. Ng'ombe wa Kano hana. Na pale ambapo kaunti imesimamisha taa za mulika mwizi, mwanga unatua chini ya mlingoti na kuiacha barabara kuu kwenye kiza chake. Juni 30, 2023, jioni, lori lilipopoteza mwelekeo Londiani, kwenye barabara kuu inayotufikisha Nakuru, liliwapitia watu waliokuwa kando ya njia, wachuuzi, abiria wa matatu na wahudumu wa boda, wakafa zaidi ya 50. Pale hapakuwa na jaketi ya kumwokoa mtu.

Ukiwaambia haya wavuvi wa Dunga au Usenge, watatabasamu, kwa sababu wanayajua ya majini. Mvuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza na taa zake, na kila serikali inayokuja, sasa kwa mkono wa Walinzi wa Pwani walioanzishwa mwaka 2018, inamwambia avae jaketi ya kuokolea maisha. Jaketi hizo zipo. Nyingi zimekaliwa, kwa kuwa ubao wa mtumbwi ni mgumu. Zinavaliwa boti ya doria inapoonekana kwa mbali. Mvuvi atakwambia ni nzito, inamkwaza akivuta nyavu, ina joto. Na mara nyingi ni kaka au shemeji yake mhudumu wa boda anayemsubiri ufukoni kupeleka omena sokoni. Nyumba moja ina sheria mbili za kuvaa, na zote mbili zinavaliwa akija mkubwa.

Joto si kisingizio, jamani. Saa nane mchana Kisumu, lami ya barabara ya Jomo Kenyatta ikirudisha moto usoni, plastiki ile ya kizibao cha bei rahisi inashikamana na shati. Wahudumu wengi wamejifungia miavuli mikubwa juu ya pikipiki kwa sababu ya hilo jua. Na ya abiria ndiyo balaa. Anza na mama aliyetoka saluni na nywele mpya: helmeti hataki, na jaketi iliyovaliwa na watu kumi tangu asubuhi hataki hata kuigusa. “Weka tu, mama, trafiki wako mbele.” “Weka wewe.” Mhudumu hawezi kumvalisha kastoma kwa nguvu, lakini faini ni yake. Sheria inayomwadhibu mtu kwa kukataa kwa mtu mwingine haitaheshimiwa, hata ikiwa na nia njema namna gani.

Wako wanaoitaka jaketi kwa sababu tofauti kabisa. Wanawake wanaorudi nyumbani usiku, wauguzi wa zamu, wauza samaki, wanatafuta mhudumu mwenye jaketi yenye jina la steji na nambari mgongoni, kwa kuwa akipotea njia makusudi kuna mahali pa kumshtaki. Kigali nambari hiyo iko mgongoni na kwenye helmeti, na abiria wameizoea. Kwetu wazo hilo liliingia kwa mguu mbaya. Machi 2022, baada ya kundi la wahudumu kumvamia mwanamke dereva katika barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa nchi nzima, na wahudumu wa Kisumu wasiojua hata barabara hiyo iko wapi wakaficha pikipiki zao nyumbani. Tangu hapo nambari mgongoni inanuka msako. Mimi nadhani wahudumu wanakosea hapa. Jaketi ya nambari inayotolewa na steji yenyewe, na kusimamiwa na jakom, yaani mwenyekiti, wa steji, ingewalinda wao kwanza dhidi ya wahuni wanaokodi pikipiki usiku mmoja kufanya uhalifu kwa jina la boda. Steji zilizopangika zinawajua watu wake kwa jina na kwa kijiji, na zinajua aliyeazima pikipiki ya nani.

Kuhusu giza, kuna kasoro ndogo ambayo haijaingia kwenye mjadala. Abiria akipanda, mgongo wa mhudumu hauonekani tena. Dereva wa lori anayekuja nyuma anaona mgongo wa abiria, au gunia la omena, au kreti ya soda. Kwa hiyo jaketi ya mhudumu mwenye abiria humsaidia zaidi anayetoka mbele, ambaye tayari anaiona taa ya pikipiki ikiwa ni nzima. Mahali panapohitaji kung'aa ni nyuma kabisa ya pikipiki: kwenye karia, kwenye kreti, kwenye madigadi. Utepe uleule unaobandikwa kwenye malori unauzwa kwenye maduka ya vipuri kwa mita. Ukishabandikwa hauvuliwi kwa joto, haukataliwi na mama mwenye nywele mpya, haufunikwi na koti. Wala si jaketi, kwa hiyo kwa sheria ya sasa haumwokoi mhudumu na chochote.

Koti nalo lina jibu. Sheria inataka jaketi yenye reflekta, na koti zito lililoshonewa mistari kifuani na mabegani ni jaketi yenye reflekta kwa kipimo chochote cha lugha. Mafundi wa cherehani wamejaa Kibuye, na kazi ya kuzungusha utepe wa nguo kwenye koti haimchukui fundi muda mrefu. Nimeona makoti machache ya namna hiyo. Hayapendezi, lakini usiku yanaonekana mbali kuliko kizibao chochote cha kampeni.

Kolombia, nchi yenye pikipiki nyingi na wahudumu wengi wa aina yetu, imeandika kwenye sheria yake ya trafiki kwamba kizibao cha kung'aa kivaliwe kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi, na wakati wowote ambapo uoni ni hafifu. Mchana mweupe sheria hiyo haimdai mtu kizibao. Mswada wowote wa pikipiki utakaopita Seneti ungeweza kuazima kifungu hicho kama kilivyo, kisha ukaongeza mambo mawili: kwamba utepe ulioshonwa kwenye koti unahesabika, na kwamba nyuma ya pikipiki lazima pang'ae kabla haijatoka dukani, kwa gharama ya anayeiuza.